Kila mpangaji apewe mita yake

Umeme ulipokuwa bado mgeni katika miji midogo ya Tanzania, swali la mwananchi lilikuwa moja tu: utafika lini? Katika Ushirombo, makao makuu ya Wilaya ya Bukombe, swali hilo limekwisha kupata jibu kwa nyumba nyingi. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, uanze kazi mwaka 2007, nguzo zimefika mahali ambapo zamani palijulikana kwa kibatari na koroboi tu. Sasa limezuka swali la pili, nalo si dogo kuliko la kwanza: huyu aliyekwisha kuupata umeme, je, anaulipia bei anayostahili kulipa?

Swali hili linawahusu hasa watumishi wa umma na walimu. Hao ndio wanaohamishiwa Ushirombo kutoka mikoa mingine, na wengi wao huanza maisha katika vyumba vya kupanga, kwa kuwa nyumba za Serikali hazitoshi. Mshahara wa mwalimu hujulikana kabla mwezi haujaanza. Gharama ya taa yake haijulikani mpaka mwezi uishe. Hapana budi basi jambo hili litazamwe kwa hesabu, wala si kwa manung'uniko.

Katika nchi nyingine, mwenye kutaka kupunguza gharama ya umeme hulinganisha wauzaji. Nchini Uingereza, tangu mwaka 1999, kila kaya ina haki ya kumwacha muuzaji mmoja na kumwendea mwingine. Tanzania Bara haiko hivyo. Mteja wa nyumbani anauziwa umeme na TANESCO, na katika Ushirombo hakuna duka la pili la bidhaa hiyo. Kwa jirani zetu hali haitofautiani sana: nchini Uganda, mkataba wa kampuni ya Umeme ulipokwisha mwezi Machi 2025, usambazaji ulichukuliwa na shirika la umma la UEDCL, na mteja wa kawaida aliamka asubuhi akiwa na muuzaji mpya asiyemchagua.

Lakini ni kosa kudhani kwamba pasipo wauzaji wawili hapana la kulinganisha. Katika Tanzania bei haitofautiani kati ya kampuni na kampuni. Inatofautiana kati ya mita na mita. Majirani wawili walio chini ya nguzo moja wanaweza kununua umeme ule ule, mmoja kwa bei karibu mara tatu ya mwenzake.

Kwa bei zilizowekwa na EWURA mwaka 2016, mteja wa nyumbani mwenye matumizi madogo huwekwa katika kundi liitwalo D1. Huyo hununua uniti 75 za mwezi kwa shilingi 100 kila moja. Akipita hapo, kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Mteja wa matumizi ya kawaida yuko katika kundi la T1, naye hununua kila uniti kwa shilingi 292, tangu ya kwanza hadi ya mwisho. Juu ya bei hizo huongezwa Kodi ya Ongezeko la Thamani asilimia 18, asilimia 3 ya REA na asilimia 1 ya EWURA. Kwa hiyo uniti ya shilingi 100 humfikia mnunuzi kwa shilingi 122, ile ya 292 kwa shilingi 356 na senti kadhaa, na ile ya 350 kwa shilingi 427.

Maana yake ni hii: aliye katika kundi la D1 hupata uniti 75 kwa shilingi 9,150. Aliye katika T1 hulipa shilingi 26,718 kwa uniti hizo hizo. Tofauti ni shilingi 17,568 kwa mwezi, na kwa mwaka ni zaidi ya laki mbili.

Nafuu hiyo haikuwekwa kwa bahati. Iliwekwa kwa ajili ya mwenye kipato kidogo na matumizi madogo: mwenye taa chache, redio na pasi. Jambo la kusikitisha ni kwamba mtu huyo huyo, akiwa mpangaji, huikosa. Sababu si kwamba anatumia sana. Sababu ni kwamba mita inayomhesabu si yake peke yake.

Ichukuliwe nyumba ya vyumba vitano, kila chumba na mpangaji wake, na mita moja ya LUKU ukutani. Kila mpangaji anatumia uniti 30 kwa mwezi, kiasi ambacho hakifiki hata nusu ya kile kinachohesabiwa kuwa matumizi madogo. Lakini mita haijui idadi ya wapangaji. Inachokiona ni uniti 150, yaani mtumiaji mmoja mkubwa. Ikiwa mita hiyo iko katika T1, nyumba itatoa shilingi 53,436, na kila mpangaji shilingi 10,687. Hata kama mita ingekuwa katika D1, uniti 75 za pili zingeuzwa kwa bei ya juu, na kila mmoja angetoa shilingi 8,235. Lau kila mpangaji angekuwa na mita yake katika kundi la D1, angelipa shilingi 3,660 tu. Watu watano wenye matumizi madogo wamejumlishwa, wakapewa bei ya tajiri mmoja.

Hasara hiyo haiishii kwenye fedha. Mita ya pamoja ni chimbuko la ugomvi usiokwisha. Aliye na friji anatazamwa kwa jicho la hasira na asiyekuwa nayo. Anayerudi kazini usiku anakuta giza, kwa kuwa kila mmoja alimsubiri mwenzake anunue. Mchango hugawanywa sawa kwa sawa, mwenye balbu moja akilipa sawa na mwenye jiko la umeme. Na kwa kuwa kubana matumizi hakumpunguzii mtu mchango wake, hakuna anayejali kuzima taa. Penye mita ya wote, uwekevu wa mmoja humnufaisha mwingine.

Kuna na kodi ya jengo. Tangu mwaka 2021 kodi hiyo hukatwa kupitia LUKU, na kwa nyumba ya kawaida kiwango kilipanda mwaka 2023 kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 kwa mwezi. Kwa mujibu wa sheria, kodi ya jengo ni deni la mwenye jengo. Lakini mita haimtambui mwenye jengo. Inamkata yeyote aliyenunua umeme wa kwanza katika mwezi, naye mara nyingi ni mpangaji. Mpangaji wa namna hiyo anayo haki ya kuweka kumbukumbu ya makato na kukubaliana na mwenye nyumba yatolewe katika kodi ya chumba. Fedha hiyo ni shilingi 18,000 kwa mwaka, si ya kuachwa ipotee kwa ajili ya kuona haya.

Wenye nyumba nao wana hoja zao, na haifai kuwahukumu kabla ya kuwasikiliza. Zamani, mita zilipokuwa za kusomwa na ankara kuletwa mwisho wa mwezi, mwenye nyumba alikuwa na haki ya kuogopa. Mpangaji aliweza kuhama usiku na kumwachia deni. Hofu hiyo leo haina msingi. LUKU maana yake ni Lipa Umeme Kadri Utumiavyo. Asiyelipa hana umeme, na asiye na umeme hana deni la kumwachia mtu. Aidha, yafaa ikumbukwe kwamba wenye nyumba wengi wa miji midogo ni watumishi wenyewe. Mwalimu aliye mpangaji leo ndiye anayefyatua matofali ya vyumba vyake vya kupangisha kesho. Akisahau kesho alichokilalamikia leo, kilio hiki hakitakuwa na mwisho.

Hoja nzito zaidi ni ya gharama. Vijijini, kuunganishiwa umeme ni shilingi 27,000. Mijini, tangu Januari 2022, mteja aliye ndani ya mita 30 asiyehitaji nguzo hulipa shilingi 320,960. Mji kama Ushirombo, unaokua kutoka katika hali ya kijiji, uko hasa mahali ambapo mstari kati ya bei hizo mbili una uzito mkubwa. Kwa bei ya kijiji, mita nne za ziada katika nyumba ile ya mfano ni shilingi 108,000. Kwa kuwa wapangaji wale watano wangeokoa jumla ya shilingi 35,136 kila mwezi ukilinganisha na T1, gharama hiyo ingerudi katika miezi minne. Kwa bei ya mjini, mita hizo nne ni shilingi 1,283,840, nazo zingehitaji miaka mitatu na ushei. Mwenye nyumba gani atatoa fedha hiyo kwa mkupuo, ili nafuu imwendee mtu mwingine?

Hapa ndipo TANESCO na Serikali wanapopaswa kusaidia. Mita iliyoweza kufundishwa kukata kodi ya jengo kila mwezi inaweza pia kukata deni la mita. Mpangaji anayeokoa shilingi 7,027 kwa mwezi anaweza kukatwa shilingi 6,687 kwa miaka minne, mpaka shilingi 320,960 zitimie, na bado akabaki na akiba kidogo. Akihama, anayeingia ataendelea pale alipoachia. Mwenye nyumba hatatoa kitu mfukoni, na mwishowe nyumba yake itakuwa na thamani kubwa zaidi. Pia ni haki kuuliza kwa nini nyumba ambayo waya umekwisha kuifikia itozwe kwa mita ya pili sawa na nyumba isiyowahi kufikiwa. Hali kadhalika, TRA ihakikishe kwamba jengo moja lenye mita tano linadaiwa kodi ya jengo mara moja, wala si mara tano.

Wapo watakaosema kwamba utaratibu huu utalitia shirika hasara, kwa kuwa umeme wa D1 huuzwa kwa bei ya huruma. Wengine watasema kwamba wajanja watagawanya nyumba zao kwa mita mbili ili kuiba nafuu. Hoja ya pili ina jibu rahisi: mwenyekiti wa kitongoji anajua nani anakaa chumba gani, na TANESCO ina kumbukumbu za manunuzi ya kila mita. Hoja ya kwanza inahitaji kufikiriwa zaidi. Ikiwa Taifa limeamua kwamba mwenye matumizi madogo auziwe kwa shilingi 100, basi mapato yanayotoka kwa mpangaji aliyehesabiwa vibaya si haki ya shirika. Ni fedha iliyopatikana kwa sababu ya mpangilio wa nyaya. Tena, nchi iliyokamilisha mwaka 2025 mitambo yote tisa ya Bwawa la Julius Nyerere, yenye uwezo wa megawati 2,115, inahitaji watumiaji wasioogopa kuwasha swichi.

Nafuu ya uniti 75 ni kubwa ikilinganishwa na ya majirani. Kenya iliishusha nafuu ya namna hiyo kutoka uniti 100 hadi 30 mwezi Aprili 2023. Uganda huitoa kwa uniti 15 za kwanza. Mtanzania aliyepewa 75 anayo sababu ya kuilinda, na kuilinda kunaanza nyumbani kwake.

Hesabu ya uniti 75 si ngumu. Taa tano za LED za wati 9, zikiwaka saa tano kila usiku, hula uniti 7 hivi kwa mwezi. Balbu tano za zamani za wati 60 zingekula uniti 45 kwa muda huo huo. Runinga ya wati 60 kwa saa tano ni uniti 9. Pasi ya wati 1,000, saa mbili kwa juma, ni uniti 8. Friji ndogo huchukua takribani uniti moja kwa siku. Jumla ni uniti 54 hivi, na familia haijakaa gizani. Adui wa hesabu hii ni joto. Jiko la koili la wati 1,500 likiwashwa saa mbili kila siku hula uniti 90, nalo peke yake limekwisha kuivuka nafuu yote. Ndoo ya maji ya kuoga ikipashwa kwa hita hula karibu nusu uniti. Ndoo mbili kila siku ni uniti 30 hivi kwa mwezi. Anayetaka kupika kwa umeme afikirie jiko la presha la umeme, ambalo huivisha maharage kwa chini ya uniti moja, kwa kuwa likishapata moto hujizima na kujiwasha lenyewe.

Lakini mtu hawezi kubana kile asichokipima. Kumhimiza mpangaji azime taa, huku akiba yake ikimezwa na mita ya watu watano, ni kumfundisha mtu kuteka maji kwa tenga. Mpangaji wa Ushirombo na aende ofisi ya TANESCO aulize mita anayoitumia iko katika kundi gani. Mwenye nyumba na akubali kuweka sahihi yake katika maombi ya mita ya pili. Shirika, kwa upande wake, na liweke utaratibu wa kulipa kidogo kidogo. Nafuu imekwisha kutolewa na kutangazwa. Kilichobaki ni kuhakikisha inamfikia yule aliyekusudiwa.