ULICHOKIONA UGHAIBUNI SI MIZANI YA DINI



Ndugu zangu katika imani, leo tuambizane ukweli bila kuoneana haya. Kuna hoja moja siku hizi inafunga kila mjadala: "Mimi nimeishi nje, nyinyi hamjatoka." Mtu akishasema hivyo kwenye kundi la familia, wazee wananyamaza. Na kama pesa za matumizi zinatoka kwake, ndiyo kabisa, neno lake linakuwa sheria.

Nasema wazi: kuishi nje kunaweza kukupa elimu kubwa, lakini si dalili ya kisharia.

WA KWANZA ni aliyeishi Ulaya au Marekani. Ameona basi linafika kwa wakati, ameona karani anamhudumia bila kuomba "chai", akahitimisha kwamba sisi tumebaki nyuma kwa sababu ya swala, hijabu na madrasa. Subhanallah! Madrasa gani ilikufundisha kula rushwa? Surat Al-Mutaffifin inaanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo. Anayekupunja sokoni anaiasi dini, haifuati. Ulichokiona kule ni uaminifu katika kazi. Hicho ni chetu tulichokitupa, kwa hiyo rudi nacho nyumbani, utushike mkono, wala usitudai tuvue dini ndiyo tukipate.

WA PILI ni aliyeishi Uarabuni. Huyu hatumsemi, kwa sababu anarudi na kanzu nzuri na lafudhi ya Kiarabu. Miaka mingi tuliambiwa mwanamke kuendesha gari ni haramu, na hoja ilikuwa "huko kwenye ardhi ya Haramayn haliruhusiwi". Wakati huo huo mama zetu Unguja, Mombasa na Dar es Salaam walikuwa wanaendesha na mitandio yao kichwani. Juni 2018 Saudi Arabia ikaruhusu. Je, iliteremka aya mpya? Haikuteremka. Kilichobadilika ni amri ya serikali. Kumbe tulikuwa tunaletewa sheria ya barabarani ya nchi moja tukidhani ni sheria ya Allah!

Na huyo huyo, mbona hatusimulii habari za dada zetu wanaokwenda huko kufanya kazi za ndani, wengine wakanyang'anywa pasipoti na kucheleweshewa mishahara? Mtume ﷺ amesisitiza mfanyakazi alipwe ujira wake upesi. Maghorofa marefu umeyaona, na hilo je, hukuliona?

WA TATU ndiye aliyenifanya niandike. Kesi hii mashekhe tunaletewa mara kwa mara. Binti amefaulu kidato cha nne. Ami yake aliyeko ng'ambo, ambaye ndiye anayelipa ada, anatuma sauti: "Inatosha, aolewe, nisije nikamgharamia akaharibika." Ukiuliza, binti yake mwenyewe kule yuko chuoni. Mkewe akiumwa, anadai daktari wa kike. Sasa huyo daktari wa kike atatoka wapi, ndugu yangu, ikiwa kila binti anaishia kidato cha nne?

Hofu yake naielewa. Ameyaona mengi huko ya kumtisha mzazi, na anatamani kwao kubaki kama alivyokuacha. Lakini mtoto wa kaka yake si picha ya ukutani ya kumpunguzia yeye upweke wa ugenini. Ana haki zake mbele ya Allah. Surat An-Nisaa, aya ya 135, inatuamuru tusimamie uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu. Uadilifu gani huu, wa binti mmoja kusoma na mwingine kufungiwa mlango?

Tazameni waliotutangulia. Rifa'a al-Tahtawi alipelekwa Paris mwaka 1826 kama imamu wa wanafunzi wa Kimisri. Alikaa miaka mitano. Alirudi na swala yake, akaongoza shule ya lugha na tarjuma mjini Cairo, na baadaye akatetea elimu ya wasichana. Hapa kwetu Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932. Alikemea kuwaiga Wazungu kikasuku, na papo hapo akawahimiza Waislamu wasome elimu za zama zao. Hao walipima kila walichokiona, wakachukua na wakaacha.

Basi wewe uliye London, Minneapolis, Muscat au Dubai, ukitaka kutushauri, karibu sana, tunakuhitaji. Ila kabla hujatuma sauti, jiulize: hili ninalolisema ni dini, ni desturi ya nchi ninayoishi, au ni hofu yangu? Na je, ninalikubali kwa watoto wangu mwenyewe?

Na nyinyi mlioko nyumbani, msiuze haki ya binti kwa sababu ya pesa za kila mwezi. Ami akikataa kulipa, msikiti upo, jamaa wapo, changeni. Mwenye kuruzuku ni Allah, si ami.

Allah atupe macho ya kuona, na mizani ya kupimia tunachokiona. Aamiin.

Mfikishie na mwenzako, hasa aliye mbali.