Kona Hufundishwa

Liko neno moja ambalo nimelipiga vita miaka yangu yote ya ualimu, nalo ni "kipaji". Sisemi kwamba vipaji havipo. Nasema neno hili limekuwa kichaka cha kujifichia walimu wavivu. Mtoto akishindwa hesabu, husemwa hana kipaji, na kazi ya mwalimu ikaishia hapo. Sasa nalisikia katika mchezo ninaoufuatilia uzeeni, saiklokrosi, yaani mbio za baiskeli za matopeni na mchangani zinazopendwa mno Ubelgiji na Uholanzi wakati wa baridi. Kukata kona, tunaambiwa, mtu huzaliwa nako. Napinga.

Kwanza tupime uzito wa kona. Mbio za wanaume huchukua kama saa moja, katika mzunguko wa kilomita 3 hivi. Tuseme mzunguko una kona 30, nao unarudiwa mara 8. Hizo ni kona 240. Anayepoteza nusu sekunde kwa kila kona amepoteza dakika 2 nzima, hata awe na mapafu ya farasi. Hata hivyo wako makocha wanaomchosha kijana kwa vilima kila siku, na kona wakamwachia Mungu.

Pili, kona ina kanuni, na chenye kanuni hufundishika. Mshiko unaodaiwa na tairi hukua kwa mraba wa mwendo. Ukitoka kilomita 15 kwa saa ukafika 20, mwendo umezidi kwa theluthi moja tu, lakini mshiko unaohitajika umefika karibu mara 1.8. Ndiyo maana breki hushikwa kabla ya kona, baiskeli ingali wima; tairi likipewa kazi mbili juu ya tope, huteleza. Pedali ya upande wa nje hushushwa na kukandamizwa kwa uzito wa mwili. Baiskeli hulazwa, kiwiliwili kikabaki juu yake. Macho hutazama mahali pa kutokea, si mti unaoogopwa. Tairi lenyewe, ambalo kanuni za kimataifa haziliruhusu kuzidi upana wa milimita 33, hutiwa upepo kidogo ili likumbatie ardhi. Kwenye mchanga, kama wa Koksijde, uzito hurudishwa nyuma, miguu haiachi kukanyaga, na usukani hushikwa bila kukakamaa. Je, msomaji, ni lipi hapo lisiloweza kuandikwa katika andalio la somo?

Wapinzani wangu watanitajia damu. Watasema Adrie van der Poel alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1996, na mwanawe Mathieu, kufikia 2025, alikwisha kutwaa ubingwa huo mara 7. Naam, lakini mtoto wa bingwa harithi damu peke yake. Hurithi pia nyumba yenye baiskeli na mtu wa kumwonyesha. Na Sven Nys, bingwa wa 2005 na 2013, aliyesifika kwa kuruka mbao bila kushuka kwenye baiskeli? Utotoni alishindana kwa baiskeli ndogo za BMX. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Anayeumizwa na neno hili ni mtoto. Ameanguka, goti linatoka damu, na badala ya kuonyeshwa kwamba alichelewa kushika breki, anaambiwa hakuumbiwa mchezo huu. Anaamini, maana aliyesema ni mkubwa wake. Baiskeli inaegemezwa ukutani, haiguswi tena.

Basi nawaambia makocha: simikeni vigingi vinne kwenye nyasi. Mwambieni mtoto apunguze mwendo mapema, atazame mbele, apite mara 20 kulia na mara 20 kushoto, polepole kwanza. Kesho arudie. Fanyeni hivyo miezi mitatu mkiwa hapo mnatazama na kusahihisha. Akishindwa baada ya hapo, njooni tuzungumze habari za kipaji.