Supamaketi Kubwa Ikifunga, Nani Anabaki Mjini?

Shuka kwenye matatu pale Tom Mboya, Nairobi, mwisho wa mwezi. Supamaketi zimejaa, na foleni ya kuku wa kukaanga imefika mlangoni. Hatuna shida na hilo. Maduka yenye matawi mengi yanaleta watu mjini, bei zake zimebandikwa, risiti unapewa, na mteja akitoka na mfuko wake ndiye anamwachia muuza ndizi wa nje hela. Lakini msimamo wetu ni huu: usiyaachie hayo peke yake pesa zako zote.

Sababu tumeiona. Nakumatt ilianzia Nakuru kama duka la magodoro, ikakua hadi ikaongoza supamaketi zote nchini. Mwaka 2017 matawi yakaanza kufungwa, na Januari 2020 waliokuwa wakiidai wakapiga kura ivunjwe. Mwaka huohuo Tuskys nayo ikaanza kuyumba. Tawi likifungwa, si rafu tu zinazobaki tupu. Aliyeleta maziwa na mkate anabaki akidai, mfanyakazi anarudi nyumbani, na muuza ndizi anakosa wapita njia.

Kwa chakula ni vilevile. KFC iliingia Kenya 2011. Januari 2022 iliishiwa na chipsi, kwa sababu viazi vyake vilikuwa vinaagizwa kutoka nje na shehena ikachelewa. Vibanda vya chipsi, vinavyonunua viazi vya wakulima wetu, havikuzima jiko.

Basi tufanye nini?

Kwanza, gawa matumizi. Unga, mafuta na sabuni nunua supamaketi kama bei ni nzuri. Mboga, chai na chakula cha mchana mpe mwenye kibanda.

Pili, lipa kwa nambari ya till ya biashara, si nambari ya kibinafsi ya mwenye duka. Malipo ya till yanamwekea rekodi ya mauzo, na rekodi hiyo inaweza kumsaidia akienda kuomba mkopo. Kabla ya kukamilisha malipo, soma jina linalotokea kwenye simu. Kama si la duka hilo, simamisha na uulize.

Tatu, pointi na vocha za duka zitumie mapema. Hizo si pesa, ni ahadi ya duka. Duka likianguka, wewe unapanga foleni na wadai wengine. Salio lako la pesa za simu ni tofauti: sheria inataka liwekwe kwenye akaunti ya amana, kando na pesa za kampuni.

Supamaketi ya kesho leo ni kaduka kembamba huko River Road, na kinachokalisha mjini ni wateja kama wewe. Ukipita hapo jioni hii, nunua kitu, hata cha shilingi hamsini, na ulipe kwa till yake.