Moshi Huu ni wa Nani? Tuhesabu Kwanza



Jirani akikuambia kuwa moshi wa shamba lako ndio unaomkohoza mtoto wake, utamjibu nini? Labda utasema, "Si mimi, ni magari ya barabarani." Naye atasema, "Si magari, ni wewe." Maneno ya namna hii hayana mwisho, kwa sababu kila mtu anakisia. Afadhali kuhesabu.

Jambo hili limewapata wakulima wenzetu wa Punjab na Haryana, katika India. Huvuna mpunga mwezi wa Oktoba na Novemba, na mara hutakiwa kupanda ngano. Mwaka 2009 ilitoka sheria ya kuchelewesha upandaji wa mpunga ili maji ya ardhini yasiishe, na siku za katikati zikapungua. Basi wengi huchoma mabua. Upepo hupeleka moshi hadi mji wa Delhi, na watu wa mjini huwalaumu wakulima.

Ubaya hasa umo katika chembe za moshi zisizoonekana kwa macho. Unene wake haufiki hata sehemu moja ya ishirini ya unene wa unywele. Huingia ndani kabisa ya mapafu.

Hujulikanaje zimetoka wapi? Wataalamu huipa kompyuta habari za upepo, mioto iliyoonekana na satelaiti, magari, viwanda na majiko. Kompyuta hukadiria hewa ya mji. Kisha huondoa mioto ya mashamba na kuhesabu tena. Tofauti ya hesabu hizo mbili huonyesha sehemu ya mkulima. Lakini lazima hesabu ilinganishwe na vipimo vya hewa yenyewe, maana kompyuta ni kama ng'ombe wa maziwa: hutoa kadiri ulivyomlisha.

Novemba 2021 shauri la hewa ya Delhi lilikuwa mbele ya Mahakama ya Juu ya India. Hesabu moja ilisema moshi wa mabua ni 4 kwa mia tu. Nyingine ilisema 35 hata 40 kwa mia. Wengine walidhani kuna uongo. Sivyo. Ya kwanza ilikuwa ya majira yote ya baridi. Ya pili ilikuwa ya Oktoba na Novemba, wakati wa kuchoma. Mkulima ana sehemu yake kubwa katika siku hizo, lakini si yeye anayechafua mji mwaka mzima.

Kwa hiyo, ikiletwa sheria juu ya moshi wa mashamba yetu, tuulize: Vipimo vimewekwa wapi? Hesabu ni ya siku zipi? Tena faini peke yake haitoshi. India iliongeza faini maradufu Novemba 2024, lakini faini haimwongezei mkulima siku za kupanda.

Lakini anayedai hesabu na akubali sehemu yake. Usichome mabua ya mahindi. Mpe ng'ombe, au yaoze yawe mbolea. Huko Mwea majani ya mpunga hufungwa robota yakauzwa kuwa chakula cha ng'ombe. Unapowasha moto shambani unachoma mali yako mwenyewe, na moshi wake haujui mpaka wa shamba.