Moto ulio wazi ni upi? Tuulizane kabla ya kurusha dadu

Leo tunaandika juu ya mchezo, na tunaomba msipite haraka, maana mchezo huu nusura utupotezee mwenzetu.

Mnaokuja Jumamosi mnajua tunacheza Dungeons & Dragons. Kwa wasioujua: ulitoka Marekani mwaka 1974. Mnakaa mezani, kila mmoja ana mtu wake wa hadithi, mwendeshaji anasimulia kinachotokea, na dadu yenye nyuso 20 inaamua kama umefaulu. Vitabu hatukununua. Kanuni za msingi ziliachiliwa bure mwaka 2023, yeyote azitumie na kuzitafsiri, basi tukachapisha zile za uchawi na kuanza kuziweka kwa Kiswahili chetu. (Nyumbani hatusemi "uchawi", tunasema "nguvu". Mama akisikia lile neno lingine, mchungaji atafika jioni hiyo hiyo.)

Kuna nguvu moja ya kuumba maji. Unaweza kuumba galoni 10 ndani ya chombo kilicho wazi, yaani kama lita 38, karibu jerikani mbili za njano tunazobeba kila siku. Ama unaleta mvua kwenye eneo la futi 30 kila upande, na hiyo mvua inazima "moto ulio wazi". Ndivyo tulivyoandika sisi.

Sasa, dada mmoja alikuwa mgeni kwetu, ametoka Bukavu, Kifaransa anacho, Kiingereza ndiyo anaanza. Kwenye hadithi kijiji kinawaka, watoto wamebaki ndani ya nyumba. Akatumia nguvu yake ya mwisho ya siku: mvua, humo humo ndani. Mwendeshaji akasema, "Haizimi. Moto uko chini ya paa, kwa hiyo hauko wazi." Dada akajibu, "Wazi ni kwamba haujafunikwa. Huu nauona kabisa, hakuna kitu juu yake." Mwendeshaji akachukua karatasi ya Kiingereza, akaisoma kwa sauti, haraka haraka, akaikunja. Paa likaanguka. Dada akacheka pamoja nasi, akasaidia kukusanya vikombe, akaenda. Jumamosi tatu hatukumuona.

Tulipomtembelea alisema: "Si kwamba nilishindwa. Nilijibu swali, halafu ndiyo mkaniambia swali lilikuwa na maana gani."

Hatukuwa na la kusema. Wengi wetu tunakijua kiti hicho. Unahojiwa, unasema "ndugu yangu", mkalimani anaandika kaka wa tumbo moja. Miezi inapita, unaulizwa tena, unasema "mtoto wa baba mdogo", na sasa eti umebadilisha maelezo. Hukubadilisha kitu. Neno lilikuwa na milango miwili na hakuna aliyekuuliza umepita upi.

Kuna wenzetu, wakiwemo marafiki wa mashirika wanaokuja kukaa nasi, wanaosema tunakuza jambo. Kitabu kimempa mwendeshaji neno la mwisho, basi aamue, mchezo uendelee. Ni kweli kimempa, na hatutaki kumnyang'anya, bila hivyo tungebishana mpaka jua lizame. Lakini neno la mwisho si lazima lije baada ya mtu kuchoma nguvu yake yote.

Tazameni matatu, ule mchezo wa karata unaochezwa kila kona ya Kampala. Hapa 8 inamruka mtu anayefuata. Aliyekulia Nairobi anaijua 8 kama swali, na ukiiweka lazima uijibu. Akija kucheza Katwe hakuna anayemuita mjinga. Mnaulizana kabla ya kugawa: 8 inafanya nini kwenu? 7 inakata? Hakuna anayekata mchezo kwa 7 halafu ndiyo anamweleza mgeni kwamba 7 hukata. Akifanya hivyo, karata zitaruka.

Tunachotaka mezani ni hicho hicho. Mtu akitaja nguvu, mwendeshaji aulize kwanza, "Unategemea nini kitokee?" Kama mwendeshaji ameielewa kanuni vingine, aseme hapo hapo, na mchezaji aruhusiwe kurudisha nguvu yake. Kama imeshatumika na karatasi inasomeka njia zote mbili, siku hiyo mchezaji apewe. Kisha iandikwe kwenye daftari, na tangu hapo imfunge kila mtu, hata maadui wa mwendeshaji.

Hapo kwenye maadui ndipo dawa ya wajanja ilipo, maana wajanja tunao. Jamaa mmoja alidai mdomo ni chombo kilicho wazi, kwa hiyo atamjaza adui lita 38 kifuani. Tulicheka sana. Tukamuuliza, "Na mchawi wa adui akikufanyia wewe?" Akafikiri kidogo. "Basi, chombo ni chombo." Imeandikwa.

Na Kiingereza kisiwe cheo. Anayekisoma vizuri asome, atafsiri, lakini asiwe hakimu kwa sababu hiyo tu. Tuliporudi kwenye karatasi tukakuta Kiingereza chenyewe kinasema moto usiositirika, hakitaji paa wala nje. Dada alikuwa karibu na kanuni kuliko sisi. "Ulio wazi" tuliuandika wenyewe, watu wanne, tukaridhika.

Amerudi. Alisema atakuja akiwa yeye ndiye anashika daftari, na sasa yuko nalo. Jumamosi iliyopita alifuta "ulio wazi" akaandika "usiofunikwa", akamgeukia mwendeshaji: na sigiri yenye sufuria juu? Tulibishana nusu saa, chai ikapoa. Ameacha mistari mitatu mitupu hapo.