Usiniambie Wakenya hawapendi sinema

Kila wakati filamu ya Kenya ikikosa watu, lazima atokee mtu mahali aseme, "Shida ni Wakenya. Hawapendi vya kwao." Nimeisikia kwa redio, nimeisikia kwa TV, na juzi nimeisikia kutoka kwa mtu ninayemheshimu kabisa. Nikachoka. Wasee, huo ni uongo, na leo wacha niuseme kwa jina lake.

Tuanze na steji, kwa sababu steji hazidanganyi. Ukitaka matatu ya Thika Road unaenda wapi? Odeon. Odeon ilikuwa sinema. Mbele kidogo makanga anapiga kelele, "Drive-In shukeni!" Hapo palikuwa na Fox Drive-In, watu walikuwa wanaegesha magari na kutazama filamu wakiwa ndani. Ile raundi ya Globe ilipewa jina na Globe Cinema. Na ni mara ngapi umemwambia mtu, "Nipate hapo Kenya Cinema," na nyinyi wawili hamjawahi kuona hata filamu moja hapo ndani? Nairobi ni mji uliojaa majina ya sinema bila sinema. Zingine zikawa makanisa, zingine zikawa maduka. Sisi tulibakishiwa mahali pa kushukia. Sasa niambie, watu wasiopenda sinema wangeita nusu ya mji kwa majina ya sinema?

Lakini sitalilia hizo kumbi za zamani. Kuna watu wazima wakianza hadithi za drive-in na za kuvaa suti Jumamosi jioni, macho yao yanajaa machozi. Poleni, lakini huo ulikuwa utamu wa nani? Mama yangu alikuja Nairobi akiwa msichana, akafanya kazi ya nyumba za watu, na Jumapili yake ya mapumziko alikuwa anatembea town. Alikuwa anasimama Moi Avenue, nje ya Kenya Cinema, anaangalia mabango. Ananiambia aliyajua yote, nani yuko na bunduki, nani amembeba nani. Kuangalia bango ilikuwa bure. Kuingia hakuwahi kuingia, hata siku moja.

Mimi sinema yangu ilikuwa Kayole, na ilikuwa ya mabati.

Kama ulikua mtaani unajua ninachoongelea. Kibanda cha video. Mabenchi ya mbao yasiyo na mahali pa kuegemea, TV moja ya mgongo imeinuliwa juu ya kabati, spika kubwa kuliko TV, na pazia zito mlangoni ili mwanga usiingie. Nje kuna ubao wa chaki: saa nane Ip Man, saa kumi Commando, jioni mechi. Kiingilio ashu. Filamu ikiwa mpya, mbao. Umeme ukipotea unapewa kikaratasi, unarudi kesho. Hiyo ndiyo ilikuwa sera ya kurudishiwa pesa, na ilifanya kazi kuliko za kampuni nyingi ninazozijua leo.

Genge la Mama lilikuwa limeshikana na hicho kibanda. Upande huu sukuma na nyanya, upande ule Jet Li. Katikati bati moja. Kwa hivyo mimi, kuanzia nikiwa na miaka tisa hivi, nilisikiliza sinema kabla ya kuiona. Nilikuwa nimekaa kwa debe nikikatakata sukuma, masikio yamebandikwa kwa bati. Na nilielewa kila kitu, kwa sababu kulikuwa na mtu ndani ya hiyo filamu aliyekuwa ananieleza.

Wengi wenu mnamjua: DJ Afro. Filamu inaweza kuwa ya Kichina, ya Kihindi, ya Marekani, haijalishi. Yeye anaingia juu yake na Kiswahili cha mtaa, anakwambia huyu ni nani, huyu anataka nini, huyu mjinga hajui anafuatwa. Adui anapewa mashamba na mashemeji wa huku kwetu. Uganda wana ma-VJ wao, Tanzania walikuwa na Lufufu wao, sisi tulikuwa na Afro. Watu waliosoma walikuwa wanacheka na kusema hiyo ni kelele ya watu wasiojua Kiingereza. Mimi nakwambia huyo ndiye mwalimu wangu wa kwanza wa hadithi. Nilijifunza kwake kwamba unaweza kumsubirisha mtu. Kwamba kabla ya ngumi kuna sababu ya ngumi. Kwamba staring hafi, na kama atakufa, basi kuna mtu atakuja kumlipia.

Na sasa niseme lile ambalo maboyz hawapendi kulisikia. Kwa nini nilikuwa nje ya bati?

Kwa sababu mimi ni msichana. Kila nikisoma maboyz wakikumbuka kibanda, ni raha tupu. Kutoroka tuisheni, kulala kwa benchi, ashu ya mwisho. Wanasema "sote tulikua huko." Sote akina nani? Kwetu msichana akionekana akitoka kwa video, habari ilifika nyumbani kabla yake, na ilikuwa imenenepa njiani. Niliingia mara moja tu. Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Nilivaa hudi ya kaka yangu, nikakaa katikati yake na ukuta. Ilikuwa Ong-Bak. Ile filamu nilikuwa nimeisikia kwa bati mara tatu, nilijua kila kelele yake, lakini sikuwa nimewahi kuona Tony Jaa akipita juu ya mabega ya watu kama mtu anayepanda ngazi. Manze. Nilisahau kufunika kichwa.

Hapo ndipo jamaa mmoja mkubwa, mtu na ndevu zake, alisogea kwa benchi letu na kuanza kuniuliza mimi ni wa nani na kwa nini nimejificha. Kaka akaniinua tukatoka. Hakuna mtu alisema kitu. Sikumaliza Ong-Bak. Nilirudi kwa debe langu, nikaendelea kusikiliza.

Kwa hivyo wakati nasema kibanda kilikuwa sinema yetu, sisemi kilikuwa paradiso. Kilikuwa na joto, kilikuwa na moshi, kilikuwa na milango miwili: wa maboyz uliokuwa wazi, na wetu uliokuwa bati. Tena filamu zenyewe zilikuwa za kuibwa, mwenye kuitengeneza hakuona hata ndururu. Nayajua hayo yote. Lakini kitu kikiwa na kasoro, unakitengeneza ama unakibomoa?

Chetu kilibomolewa. Wakubwa fulani walikuja na gari, wakabeba TV, spika na hata mabenchi. Walisema video inaharibu watoto, inawatoa shuleni. Na wazazi wengi walipiga makofi, Mama akiwemo, sitadanganya. Miaka michache baadaye pale pale, kwa msingi ule ule, kulifunguliwa mahali pa kubeti. Hakuna aliyekuja na gari. Vijana wale wale waliokuwa wanatoa ashu kuona Ip Man wakaanza kutoa finje kuona kama timu fulani ya Ulaya itapigwa kona ngapi. Mnaona hesabu? Hadithi ni hatari kwa watoto. Kamari ni biashara.

Na sinema ilienda wapi? Ilihamia mall. Sina shida na mall. Kiti kinaegemea nyuma, sauti inakuingia mpaka kifuani, choo kina sabuni. Mara ya kwanza kupata pesa ya maana kutoka kwa video zangu nilimwambia Mama avae vizuri, nampeleka sinema. Tiketi mbili, fare ya watu wawili kwenda na kurudi, soda, na bisi za bei ya pakiti mbili za unga. Ilifika elfu mbili na kitu. Sikumwambia. Angeanza kuhesabu ni mafungu mangapi ya sukuma, na tungerudi nyumbani kabla taa hazijazimwa.

Filamu ikaanza, na Mama akaanza kuongea. Si kwa ubaya. Alikuwa anaongea na watu wa kwa skrini, vile tulikuwa tunaongea nao Kayole. "Usiingie hapo. Wewe, usiingie! Si nimekuambia?" Nilikuwa nacheka mpaka machozi. Kisha mtu wa nyuma akafanya "shhhh," ile ndefu, ya mdomo wa mtu aliyelipa. Mama akanyamaza. Hakusema kitu tena mpaka mwisho. Kwa matatu tukirudi aliniuliza jambo moja tu: "Nilipiga kelele sana?"

Hilo swali sijalimaliza mpaka leo. Mwanamke amesimama nje ya mabango akiwa msichana, amekaa nje ya bati akiwa mama, na siku anaingia, anaambiwa kupenda kwake sinema ni kelele.

Halafu mtu ananiambia Wakenya hawapendi sinema!

Angalieni filamu zetu zenyewe. Nairobi Half Life ya 2012, ya Tosh Gitonga, inaanza na nani? Mwas, kijana wa kijijini anayeuza DVD za filamu za ngumi, anawaigizia wateja kila mtu wa kwa filamu ndio wanunue. Huyo ni mtoto wa kibanda. Supa Modo ya 2018, ya Likarion Wainaina, ni ya nani? Mtoto mgonjwa, Jo, anayependa filamu za ngumi na mashujaa, na kijiji kinachoungana kumtengenezea filamu yake. Ndani kuna kibanda na kuna msimulizi. Filamu mbili bora za nchi hii zimetengenezwa na vitu vyetu, mabati yetu, kelele yetu. Supa Modo ikapanda ndege ikaenda Berlin. Kayole haikufika. Ni rahisi kupanda ndege kuliko kupanda matatu ya Kayole? Unachukua hadithi ya mtu, unamwekea mbali, kwa bei asiyoiweza, halafu asipokuja unaita mkutano kuuliza kwa nini hapendi vyake.

Majirani zetu waliona mbele. Pale Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex kwa pesa kidogo sana, na hakumfukuza msimulizi. Alimweka ndani ya filamu, VJ Emmie anapiga kelele juu ya risasi mwanzo mpaka mwisho. Ile kelele tuliyofundishwa kuionea aibu ndiyo iliyofanya watu wa mbali waitafute Wakaliga kwa ramani.

Sasa sitaki kulalamika tu niende. Hiki ndicho ninachotaka, na sio kikubwa.

Kaunti ina social hall mitaani. Kaloleni iko, Pumwani iko. Zina ukuta, zina paa, zina mlango. Jumamosi moja kwa mwezi, filamu moja ya Kenya, kiingilio finje, na mwenye filamu anapata sehemu yake ya kila finje. Hapo wizi umeisha. Weka msimulizi mmoja mwenye mdomo, alipwe. Saa nane iwe ya wamama na wasichana, mwanamke asimame mlangoni, jioni iwe ya kila mtu. Na sheria ya kuongoza filamu, Sura ya 222, ilitungwa 1962, kabla hata ya Uhuru. Kama bado inamtazama mtu mwenye projekta na shuka kama mtu wa kukamatwa, basi tuanze na hiyo.

Na nyinyi mnaotengeneza filamu, acheni kutuambia tuwasupport kama vile tunachangia matanga. Tuleteeni filamu mahali tunaishi. Mkishaleta, na tukakosa kuja, basi semeni hatupendi. Nitawaunga mkono.

Mimi nishaanza na kidogo nilicho nacho. Nimeazima projekta, nimeongea na landlord wa ploti yetu, na mwanamke mmoja mtaani, mwenye kipaji cha kusimulia hata mechi, amekubali kushika maiki. Filamu ni ya binti mmoja wa huku huku Eastlands, fupi, na nimemlipa. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, giza likiingia. Watoto bure, wakubwa finje, wasichana mbele.

Mama amesema atakuja kama hakuna mtu wa kumfanyia "shhh." Nimemhakikishia. Beba kiti chako.