Dzaleka: kumbukumbu za uwanja usio na kuta

Ardhi ya Dzaleka nchini Malawi ilikuwa gereza, ikawa kambi ya wakimbizi, na tangu mwaka 2014 imekuwa pia jukwaa la muziki. Nani atakayeihifadhi historia hiyo, ilhali sheria inawahesabu wanaoijua vyema kuwa wapita njia?

Katika lugha ya Kichewa, jina Dzaleka hufasiriwa kuwa "sitarudia tena". Ni jina linalofaa gereza, na gereza ndilo lililokuwapo hapo wakati wa utawala wa Rais Hastings Kamuzu Banda. Katika eneo hilo la wilaya ya Dowa, takriban kilomita 40 kaskazini mwa mji mkuu wa Lilongwe, walifungiwa watu waliodhaniwa kuwa wapinzani wa serikali.

Banda alishindwa katika uchaguzi wa vyama vingi wa Mei 1994. Mwaka huohuo ardhi ya gereza lake ilianza kuwapokea waliokimbia vita na mauaji ya Rwanda, Burundi na nchi iliyoitwa Zaire wakati ule. Kambi ilikusudiwa watu wasiozidi 12,000 hivi. Leo inao zaidi ya 50,000, wengi wao wakiwa Wakongo, na Kiswahili cha mashariki mwa Kongo husikika sokoni kama mtu yuko Uvira.

Jukwaa lazaliwa

Mwaka 2014, msanii na mshairi Mkongo Trésor Nzengu Mpauni, ajulikanaye kwa jina la Menes La Plume, ambaye mwenyewe alifika Malawi akiwa mkimbizi, alianzisha Tamasha la Tumaini ndani ya kambi. Hakuna kiingilio. Wanamuziki mashuhuri wa Malawi hupanda jukwaa moja na vijana wa kambini, wapiga ngoma wa Kirundi na wachezaji wa ngoma za Kongo. Wageni kutoka Lilongwe na nchi za mbali hulala katika nyumba za wakimbizi, chini ya mpango unaozipatia familia hizo kipato kidogo.

Jambo hili lina uzito kuliko burudani. Kwa siku chache, mwenyeji ni mkimbizi, naye mwananchi ndiye mgeni anayekaribishwa chakula na kuoneshwa pa kulala. Muuza sambusa, fundi wa nguo na kinyozi hupata wateja ambao siku nyingine hawafiki. Mmalawi aliyezoea kuisikia Dzaleka katika taarifa za mzozo huirudia Lilongwe akiwa na wimbo na jina la familia iliyompokea.

Njia inayoelekea upande mmoja

Hata hivyo, njia hiyo ya Lilongwe na Dzaleka haifanani kwa wote. Malawi iliridhia Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 ikiwa imeweka masharti kadhaa, likiwamo la uhuru wa kutembea na la kazi ya ajira. Kwa miaka mingi sera hiyo haikusimamiwa kwa ukali, na wakimbizi wengi walifungua maduka Lilongwe na katika miji mingine, wakasomesha watoto huko. Machi 2023 serikali iliamuru warejee kambini kabla ya katikati ya Aprili. Mei mwaka huohuo polisi waliingia mitaani Lilongwe, wakafunga maduka na kuwapeleka watu Dzaleka kwa nguvu, watoto wakiwamo.

Serikali ilitaja usalama wa taifa, na baadhi ya wafanyabiashara wazalendo walikuwa wamelalamikia ushindani. Hoja hizo zinastahili kujibiwa kwa takwimu na kwa sheria. Lakini ukweli unabaki kwamba mkazi wa Lilongwe anaweza kwenda kucheza muziki Dzaleka Jumamosi na kurudi kwake Jumapili, ilhali aliyempigia muziki huo anahitaji ruhusa ili amtembelee.

Funzo kutoka Chicago

Miji mingine imewahi kuwa na viwanja vilivyobeba maisha zaidi ya moja, na vilivyowapata vinaweza kuifaa Dzaleka. Mjini Chicago, Marekani, jumba la International Amphitheatre lilijengwa mwaka 1934, kando ya masoko makubwa ya mifugo, ili kuwa mahali pa maonesho ya ng'ombe, nguruwe na farasi. Baadaye humo humo waliimba Elvis Presley mwaka 1957 na The Beatles mwaka 1964, na mwaka 1968 chama cha Democratic kilifanya mkutano wake mkuu ndani huku polisi wakipambana na waandamanaji mjini. Soko la mifugo lilifungwa mwaka 1971. Jumba likabomolewa mwaka 1999.

Jumba limekwisha, lakini kumbukumbu zake zipo: magazeti, picha, filamu, tiketi zilizowekwa makabatini, na wazee waliobaki mjini humo wakiwa raia wenye makazi. Dzaleka haina hata kuta za kubomolewa. Jukwaa lake hufungwa na kufunguliwa kila mwaka, na mashahidi wake hutawanyika: mmoja huhamishiwa Australia, mwingine Kanada, na mwingine hufia hapo hapo akisubiri jibu la faili lake.

Kwa hiyo, wengi wenu mnaosoma makala hii huenda mmebeba sehemu ya hazina hiyo bila kuiita hazina. Video iliyo katika simu ya zamani, kitambaa cha kikundi cha ngoma, jina la aliyeongoza kwaya ya mtaa wenu: vitu hivyo vikiandikwa tarehe na majina ya wahusika, vikatunzwa mahali zaidi ya pamoja, ni nyaraka za historia ya Malawi sawa na za serikali. Walionusurika gereza la Banda wamezeeka, na simulizi zao zinahitaji kukaa rafu moja na za wakimbizi, kwa kuwa ardhi ni ile ile.

Sera inaweza kubadilika, na kambi inaweza kuhamishwa. Siku hiyo ikifika, wa kueleza kwamba mahali palipoitwa "sitarudia tena" watu walirudi kila mwaka kwa hiari yao, wakiimba, watakuwa ni wale walioweka kumbukumbu mapema.